Nyimbo ya Mbuzi Anayenawa Uso

Nyimbo ya mbuzi mnaijua nyote. Wengine wenu mmekua nayo, na mmeingia kazini idarani kwetu mkiipiga kwa mluzi ukumbini bila ya kujua imetoka wapi. Siku niliyoagwa, mmoja wenu alinambia, "Ami Seif, kabla hujatukimbia tuandikie ulivyofanya kazi." Nikamwambia kazi yangu ilikuwa kuwasha taa na kuizima. Akacheka, akadhani natania. Basi naandika, lakini nnakwambieni mapema, vyeo siandiki, maana havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika gari, mashine, na nyimbo hiyo moja.

Nilianza Nizwa, huku Omani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mie mzaliwa wa Unguja mjini, na fundi wa sinema nilikuwa tangu huko, kabla mambo hayajaharibika na watu kutawanyika. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni. Qur'ani naisoma kwa tajwidi, lakini kununua kitunguu sokoni siwezi. Siku ya kwanza nilipewa Landrova, jenereta, mashine ya filamu iliyokuwa na mchanga mpaka tumboni, na dereva aitwaye Mzee Marhun, mtu wa Ibra. Nikaifungua mashine pale pale barazani, nikaisafisha kwa brashi ya rangi na kanga kuukuu ya mke wangu. Mzee Marhun akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama huko kwetu wanaume wote wanafua.

Huyo ndiye mwalimu wangu, na hakuwahi kushika filamu maisha yake. Kijiji cha kwanza tulichoingia nilishuka garini mbio mbio nianze kupakua vyombo. Akanishika mkono. "Rudisha ndani," alinambia. "Ukishusha mashine kabla ya kahawa, umekuja kuuza kitu. Kunywa kahawa kwanza, ule tende, uulizwe habari za mvua. Wakishakujua, watakubebea wenyewe." Na ni kweli, miaka yote ile sikubeba jenereta kijijini hata mara moja. Nyinyi mnafika na video zenu mnatafuta soketi kabla hamjasalimia, halafu mnashangaa mnaachwa peke yenu.

La pili alilonifundisha ni shuka. Mimi nilizoea ukuta mweupe. Yeye alifunga shuka baina ya mitende miwili, wanaume na watoto wakakaa upande wa mashine, kina mama wakakaa upande wa pili, na picha ikaonekana kote kote. Isipokuwa upande wa kina mama ilikuwa kinyume. Wanawake wote wa mkoa wa Sharqiyah wa wakati ule wamemwona daktari wa filamu zetu akidunga sindano kwa mkono wa kushoto. Kule Tiwi upepo wa bahari ulikuwa ukilivimbisha lile shuka, na daktari akivimba nalo. Hakuna aliyelalamika.

Filamu zenyewe zilikuwa za afya. Nzi, visima, chanjo. Watu walizitazama kwa adabu, kama hotuba. Halafu siku moja ikaja katuni, ndani ya bati la duara, kutoka nchi nisiyoijua. Ina msichana mdogo na mbuzi wake. Mbuzi macho yamejaa nzi, haoni, anagonga kila kitu, mpaka msichana anampeleka kwenye maji na kumfundisha kunawa uso kwa sabuni. Mwishoni mbuzi ananawa mwenyewe, kwa kwato, povu limemjaa mpaka kwenye ndevu. Nyimbo ilikuwamo, lakini kwa lugha ambayo hakuna aliyeifahamu. Na wakati ule ugonjwa wa macho ulikuwa umeshika vijiji vyetu vibaya sana. Kwa hiyo mkuu wetu akasema tuitie sauti yetu wenyewe.

Mkuu huyo alikuwa Ustadh Khalfan. Kijana kuliko mimi, msomi, kanzu yake haina hata kikunjo. Ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa Wete, Pemba, lakini ofisini Kiswahili kilikuwa hakimtoki. Ukimsemesha kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiarabu, tena kile cha redioni. Sikumlaumu. Siku hizo sie tuliorudi Omani kutoka visiwani tulikuwa tunatazamwa midomoni, na anayetaka kuaminiwa na kazi kubwa hujifunza kuuchunga mdomo wake. Mimi sikutaka kazi kubwa, ndiyo maana nilisema nitakavyo.

Mwalimu mmoja wa skuli ya Ibra akatutungia maneno, Kiarabu safi kabisa. Mwimbaji tukakosa. Redio walikuwa mbali, na wanawake wa mjini nani atawaomba waimbe mbele ya mafundi? Ndipo Mzee Marhun akasema, "Si yupo yule wenu mwenye sauti?" Alimkusudia Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa muuguzi wa kliniki ya Ibra na alikuwa akifuatana nasi vijijini kutia watu dawa ya macho. Mrefu, mkali, mtu wa Wete pia, ametuzidi umri sisi wote isipokuwa Mzee Marhun. Akikwambia fungua jicho unafungua, hata kama ni zima. Alikuwa haishi kuimba akichemsha vyombo vyake, akidhani hakuna asikiaye. Nilipomwomba alinitazama toka juu mpaka chini. "We Seif, una akili weye? Mie niimbie mbuzi?" Siku ya pili akaja. Sharti lake moja tu, jina lake lisiandikwe popote.

Sasa hapa lazima nieleze chombo, maana bila ya hicho hamtafahamu kosa langu. Filamu ile pembeni ilipakwa ukanda mwembamba wa kahawia, kama wa kaseti. Unaipitisha kwenye mashine, unabonyeza kitufe chekundu, mtu anaimba huku anatazama picha, na sauti inashika pale pale kwenye filamu. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake, ukikosea unaanza tena toka mwanzo, na ile ya kwanza inafutika yote. Na nakala tulikuwa nayo moja tu.

Tukaingia stoo ya kliniki, tukatundika mablanketi ukutani. Mashine nikaiweka chumba cha pili inapiga picha kupitia kioo cha dirisha, ili kelele zake zisiingie. Mzee Marhun akakaa chini na kopo la maziwa ya unga, hiyo ndiyo ngoma yetu. Mara ya kwanza punda alilia nje. Mara ya pili Bi Zuwena alicheka. Mara ya tatu nilikosea mimi, na sitaki kuulizwa vipi. Mara ya saba ikaenda vizuri, sauti tamu, maneno yote sahihi, ila nikagundua kitu kimoja. Na yeye Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni kama changu. Aliyasoma maneno ya mwalimu kama tulivyofundishwa kusoma, kila herufi na haki yake, wala hapumziki, kana kwamba bakora ipo nyuma ya mgongo. Akamaliza mapema. Maneno yameisha, na mbuzi bado ana povu usoni, filamu imebakisha sekunde kama ishirini.

Nikampungia mkono dirishani, endelea, endelea! Mzee Marhun hakuacha kopo lake. Bi Zuwena akamtazama yule mbuzi na povu lake, akafanya kile afanyacho mtu yeyote wa kwetu akiona uso wa mtoto umejaa sabuni. Akaimba ya kuogeshea:

Jicho hili na jicho hili,
yote mawili ya mama;
maji moja, maji mbili,
fumba, fumbua, tazama.

Akairudia mara mbili. Na Mungu ni shahidi, aliposema fumba mbuzi alifumba, aliposema fumbua akafumbua. Ungedhani aliyemchora alimchorea yeye.

"Jamani, nimeharibu," akasema filamu ilipokwisha. "Turudie."

"Rudia mwenyewe," nikamwambia. "Mie sigusi kitu."

Mzee Marhun akataka kujua ile ya mwisho ina maana gani. Nikamfasiria. Akatikisa kichwa, akasema hata mama yake alikuwa na ya namna hiyo, basi iacheni. Tukampelekea Ustadh Khalfan aisikilize. Alisimama nyuma ya kiti chake mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema kwa Kiarabu, "Inafaa," akatoka.

Basi tukaenda nayo. Kule Jalan Bani Bu Hassan siku ya kwanza tuliipiga mara tatu, maana watoto walikataa kuondoka. Nizwa nilimsikia muuza halua akiikoroga halua yake kwa mapigo ya lile kopo. Dima wa Tayyin, kule juu milimani ambako hata Landrova inafika inahema, watoto waliwashika mbuzi wao wenyewe wakawaosha macho, na mbuzi wakakimbia na povu kijiji kizima. Na sehemu waliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya mwisho. Maneno hawayajui maana, lakini "fumba, fumbua, tazama" waliyasema yote na vitendo vyake. Bi Zuwena aliniambia watoto siku hizi wanakuja kliniki nyuso zimeshaoshwa, wanamtaka yeye atazame tu. Alikuwa akijifanya imemkera. Furaha aliyokuwa nayo, hata mkoba wa dawa aliubeba kama hauna kitu.

Ilikwenda hivyo miaka. Ikaingia ya thamanini, barabara zikapigwa lami, idara ikawa kubwa. Siku moja Ustadh Khalfan akaniita, akafunga mlango.

"Anakuja mgeni wa serikali kutoka Maskati," akasema, kwa Kiarabu chake. "Anataka kufuatana nasi aone filamu zetu. Ile ya mbuzi, kile kipande cha mwisho. Kifute."

"Nikifute, nitie nini?"

"Atakuja mwimbaji wa redio atie maneno ya Kiarabu. Wewe futa kwanza."

"Ustadh, watoto ndicho wanachokipenda."

Akaegemea meza. "Seif, unataka aandike kwamba filamu ya serikali ina lugha ya ng'ambo, na mkuu wa ofisi ni Khalfan wa Wete? Miaka yote hii ninajitahidi watu wasahau. Futa."

Nilimwona kuwa anaogopa kweli. Wala hakuwa mtu mbaya, nasema hivi ili msimchukie.

Nilikwenda Ibra kumwambia Bi Zuwena mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alikuwa anakunja bendeji. Akaendelea kukunja.

"Mama yangu alikufa Wete," akasema. "Mie nipo huku, hata kaburi sikuliona. Picha yake sina. Nina hiyo nyimbo tu, aliyoniogeshea. Na mie Mungu hakunipa mtoto, Seif, sina wa kumwogesha nayo. Nikasema basi, angalau mbuzi." Akanyanyua macho. "Usiifute. Nakuomba. Mwambie mashine imekataa."

Nikamwambia nitajaribu. Sikujaribu. Nilirudi Nizwa, nikaipitisha filamu, nikangoja povu lijae ndevuni, nikabonyeza kitufe chekundu bila ya mtu kwenye maikrofoni. Sekunde ishirini. Nilijikaza kisabuni mpaka mbuzi alipofumbua macho kimya kimya, kisha nikalia peke yangu mle ndani, mtu mzima na ndevu zangu. Mtaniuliza kwa nini sikuitia kwanza kwenye kaseti. Redio kaseti nilikuwa nayo nyumbani, juu ya friji. Haikunijia. Niliambiwa futa, nikafuta, ndivyo nilivyolelewa. Miaka yangu yote ya kazi, hilo ndilo ninalolionea haya.

Bi Zuwena hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akawa anasema nami ya kazi tu. Sanduku la dawa liko wapi. Tunaondoka saa ngapi. Garini alikaa nyuma anatazama nje, na Mzee Marhun, ambaye hakuelezwa kitu na mtu, akawa anapunguza redio kila tukipanda. Mwimbaji wa redio hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Mgeni ndiye aliyekuja.

Tukampeleka Dima wa Tayyin, kwa kuwa mwenyewe alitaka kuona milima. Mtu mnene, mcheshi, alikunywa vikombe vingi vya kahawa na kuuliza habari za kila mbuzi. Baada ya Magharibi tukafunga shuka. Kina mama wakaenda upande wao na Bi Zuwena akakaa nao. Ustadh Khalfan akakaa kitini kando ya mgeni, karibu na mashine, kanzu yake nyeupe kama kawaida. Nikapiga filamu ya nzi, watu wakatulia. Nikapiga ya chanjo, wakatulia vile vile. Nilipotia bati la mbuzi watoto walipiga kelele kabla hata sijazima taa.

Maneno ya mwalimu yakaja, kopo la Mzee Marhun likaja, sauti ya Bi Zuwena ile ya zamani ikajaa bonde zima. Mimi nilijua kinachofuata. Povu likafika ndevuni. Sauti ikakatika, kopo nalo likakatika. Ikabaki mashine inalia tak-tak na mbuzi anajisugua bila ya sauti. Nikainamisha kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakaimba wao. Kwanza kitoto kimoja mbele kabisa, halafu wote, upande huu wa shuka na upande wa pili. "Jicho hili na jicho hili." Watoto wa milimani, hawajapata kuiona bahari, Kiswahili chao ni hicho tu, wakakiimba kwa lafudhi yao ya mbuzi na mawe. Hakuna aliyewaanzishia, hakuna aliyewaambia sauti itakatika. Walipofika fumba, walifumba wote. Na kina mama wakaingia, nikazisikia sauti nzito nyuma ya shuka, mpaka "tazama" ya mwisho.

Mgeni akamgeukia Ustadh Khalfan. "Wanasema nini hawa? Mbona si Kiarabu?"

Ustadh akavua miwani. Nilidhani atasema hajui.

"Ni Kiswahili," akasema. "Ni nyimbo ya kwetu, Wete, ya kuogeshea watoto. Mama yangu aliniogesha nayo."

"Nzuri," akasema mgeni. "Na mashine yenu mbona imenyamaza, imeharibika?"

"Mashine nzima. Nyimbo nimeifutisha mimi."

Mgeni akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna joto, akaomba kahawa nyingine. Khofu yote ile ya miaka, na mwenyewe hata hakuona kuna jambo! Ustadh Khalfan akainuka, akanijia mashineni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema nami kwa Kiswahili, kile cha Kipemba, wala hakikuwa na kutu. "Seif, hebu irudishe nyuma waimbe tena." Nikairudisha, nikakosa kuutia mkanda mara mbili.

Tulipomaliza, akazunguka upande wa pili wa shuka. Kina mama walikuwa wanakusanya watoto, Bi Zuwena amesimama na mkoba wake. Mimi nilikuwa naifungua kamba kwenye mtende, nikaacha kufungua.

"Shikamoo, Bi Zuwena," akasema.

Bi Zuwena akamwacha asimame. Akafunga mkoba, akaurekebisha mtandio wake, akamtazama toka juu mpaka chini, vile atazamavyo yeye.

"Marahaba, mwanangu," akasema mwishowe. "Umechelewa, lakini marahaba."

Ustadh akasema amemkosea, na amemkosea mama yake pia. Akasema kesho yake asubuhi tutashuka Ibra, Fundi Seif atatundika mablanketi, na atakaa yeye mwenyewe kupiga kopo Mzee Marhun akichoka. "Turudishe kipande chako, dada. Kama kilivyokuwa."

Bi Zuwena akageuka kuwatazama wale watoto. Walikuwa wanapanda njia ya mlimani wanasukumana, na wadogo wanakwenda wamefumba macho makusudi, wanajigonga kwa wenzao, wanacheka.

"Msitie kitu," akasema. "Pale pana watoto."

Hatukutia kitu.